Jukwaa tupu halipo: Newton, Einstein na mashamba ya ngano ya Hanang

Wiki hii madesa ya historia ya sanaa za maonyesho yamenifikisha kwenye swali ambalo nimeona nisilibebe peke yangu. Swali lenyewe: anayesema "hapa pana nafasi tupu, tuigize", nani kamwambia kuwa ni tupu? Linasikika kama mzaha, lakini ukilifuata linakupeleka kwa wanafizikia, linakurudisha Dar na Limuru, halafu linakushusha chini ya Mlima Hanang, kule kwetu Nangwa na majirani zetu, kwenye mambo ambayo hayana mzaha hata kidogo. Kaeni mkao wa kula, hii ni ndefu.

Tuanze na kitabu. Mwaka 1968 mwongozaji wa michezo wa Uingereza, Peter Brook, alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili tungesema "Nafasi Tupu". Hoja yake kubwa ni nzuri na inatupa moyo sisi tusio na hela: tamthilia haihitaji mapazia ya bei mbaya wala taa za kutisha, nafasi tupu na watu vinatosha. Na hakuishia kuandika. Kuanzia Desemba 1972 hadi mwanzoni mwa 1973 alizunguka na kundi lake nchi kadhaa za Afrika, kama Algeria, Niger, Nigeria na Mali. Wakifika kijijini wanatandika zulia, watu wanajaa pembeni, mchezo unaanza. Zulia ndilo jukwaa. Ukilikunja, jukwaa limekwisha, mnahamia kijiji kingine.

Mimi sina ugomvi na zulia. Ninachokiuliza ni lile wazo lililolala chini ya zulia: kwamba mahali ni mahali tu, popote ni sawa na pengine popote, na kinachopafanya pawe na maana ni sisi tuliofika. Wazo hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya fizikia.

Hapa wale wa HKL msikimbie, na wale wa PCM msinicheke. Mwaka 1687 Isaac Newton alitoa kitabu chake kikubwa, Principia. Ili hesabu zake za mwendo zisimame, alihitaji kitu kisichosogea cha kupimia vyote vinavyosogea. Akaweka misingi miwili. Kwanza, kuna nafasi ambayo ipo tu, kila sehemu yake inafanana na nyingine, na haijali kilichomo ndani yake. Pili, kuna wakati unaotiririka kwa mwendo uleule kila mahali, watu wafanye kitu au walale. Nafasi ya Newton ni kama ukumbi uliojengwa kabla waigizaji hawajazaliwa. Wanaingia, wanapendana, wanachomana visu, wanatoka. Ukumbi hauna habari nao.

Hata enzi zake walikuwepo waliobisha. Mwaka 1715 na 1716 Leibniz wa Ujerumani aliandikiana barua na Samuel Clarke, mtetezi wa Newton. Leibniz akasema nafasi si chombo cha kuwekea vitu. Nafasi ni mpangilio wa vitu vilivyopo pamoja, na wakati ni mpangilio wa mambo yanayofuatana. Ondoa vitu vyote na hutabaki na ukumbi mtupu, hutabaki na kitu. Lakini hesabu za Newton zilifanya kazi, na kwa miaka 200 hivi yeye ndiye aliyetawala.

Sasa hebu tazama Kiswahili chetu kidogo, halafu tuendelee. Mwalimu wa sarufi atakwambia "mahali" linakaa karibu peke yake katika ngeli yake. Ukitaka kutaja sehemu nyingine, unachukua kitu unakibandika -ni: shambani, mtoni, mezani, kaburini. Halafu unachagua kama ni hapa, huku au humu, kufuatana na jinsi unavyohusiana napo. Sisemi sarufi ni fizikia. Nasema tu kwamba kwa lugha yetu ni kazi ngumu kutaja mahali bila kutaja kilichopo. Leibniz angefurahi sana kwenye semina zetu.

Turudi ukumbini. Newton hakujenga kumbi za michezo za Ulaya, zilimtangulia. Ila ukumbi na fizikia yake ni matunda ya mti mmoja. Mwaka 1585 kule Vicenza, Italia, ulifunguliwa ukumbi uitwao Teatro Olimpico. Nyuma ya jukwaa kulijengwa mitaa ya mbao inayopungua upana kwa hesabu, hadi kipande kifupi kikaonekana kama barabara ndefu ya mji. Katika kumbi za watawala za aina hiyo palikuwa na sehemu moja tu ambapo picha ilikaa sawasawa kabisa, na hapo ndipo mfalme au mkuu aliwekewa kiti. Wengine wote walitazama kutoka pembeni ya ukweli.

Wakati nao ukawekewa sheria. Mwaka 1570 Castelvetro, akimfasiri Aristotle kwa ukali kuliko Aristotle mwenyewe, alitaka mchezo ukae mahali pamoja na usizidi muda mfupi. Mwaka 1637 Corneille wa Ufaransa alitoa mchezo wake Le Cid, wakosoaji wakamjia juu: mambo yote haya yatokee ndani ya saa 24? Haiwezekani! Na mwaka huohuo wa 1637 Descartes alichapisha jiometri yake ya kuonyesha mahali kwa kutumia namba, ile iliyozaa mihimili ya x na y ambayo mtu wa ualimu wa hisabati ataifundisha hadi astaafu. Ukumbi ukawa sanduku, wakati ukawa rula, na mtazamaji akatulizwa kwenye kiti.

Mzigo huu ulitufikiaje? Naona ulikuja kwa njia mbili: kupitia ukumbi na kupitia sheria.

Kwa njia ya ukumbi mnaifahamu. Shule za kikoloni zilileta Shakespeare. Dar es Salaam Players walianza mwaka 1947, Nairobi wakafungua Jumba la Taifa la Michezo mwaka 1952. Pamoja na jukwaa la sanduku ilikuja saa ya ukutani. Ngoma inaanza watu wakishafika. Mchezo wa ukumbini unaanza saa ikishafika. Kuna kitu cha kuchekesha hapa. Katika Julius Caesar, mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na ukachapishwa mwaka 1963, saa inagonga mara tatu usiku wa kupanga njama. Roma ya Kaizari haikuwa na saa za kugonga, kwa hiyo Shakespeare tayari kachanganya karne. Halafu msikilizaji wa Kiswahili anasikia ngo, ngo, ngo, na kwake muda huo ni saa tisa usiku. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na tuna haki, maana huku karibu na ikweta jua halichezi sana mwaka mzima. Yaani mlio mmoja wa saa na wakati wa aina tatu: wa Roma, wa London na wetu. Wakati mmoja unaotiririka sawa kwa wote ulikuwa umeshaanza kuvuja jukwaani.

Njia ya pili, ya sheria, haichekeshi. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kuhusu ardhi ya koloni lake la Afrika Mashariki: ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Isomeni tena kwa macho ya mtu wa jukwaa. Ni nafasi tupu kwa lugha ya wanasheria. Swali la nani anaamua kuwa hapa hapana mwenyewe likajibiwa na yule mwenye bunduki.

Sasa twende mwaka 1905, mwaka ambao mimi naona ungepaswa kufundishwa kwa pamoja na walimu wa historia na wa fizikia. Tarehe 30 Juni 1905 ofisi ya jarida moja la fizikia Ujerumani ilipokea makala ya karani wa ofisi ya hataza ya Bern, Uswisi, kijana wa miaka 26 aitwaye Albert Einstein. Makala ilisema hakuna saa moja kuu ya ulimwengu. Mambo mawili yanayotokea kwa pamoja kwa mtu aliyesimama yanaweza yasiwe ya pamoja kwa mtu anayekwenda kasi. Mwezi uliofuata, Julai 1905, watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya Wajerumani na Vita vya Majimaji vikaanza. Agosti, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa.

Wawili hawa hawakujuana, na nisiwadanganye kwamba kuna uzi wa siri kati yao. Nawaweka pamoja kwa sababu dola ileile ambayo lugha yake ilichapisha makala ya kuvunja wakati mmoja wa wote ilikuwa inawapangia watu wa kusini wakati wa aina hiyohiyo: leo siku ya pamba, kesho siku ya pamba, shamba lako la chakula litajijua.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi tumeisoma kwa ajili ya mtihani, lakini isome sasa ukitafuta wakati. Mle ndani kuna wakati wa msimamizi wa shamba, wa kuhesabu siku na viboko. Kuna wakati wa wanawake nyumbani, wa njaa, wa kungoja. Halafu kuna ule wa Kinjeketile, anayevutwa mtoni na kuzama. Watu wanajua kafa, na anapotokea baadaye nguo zake ni kavu. Chini ya maji ilipita muda gani? Ukimuuliza msimamizi atakupa jibu kwa saa. Tamthilia inakataa kukupa jibu hilo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mto ule nao si sehemu tu ya kuchezea onyesho. Rufiji inafanya kazi kama mhusika: inamchukua mtu, inamrudisha akiwa mwingine. Huwezi kuandika "mto wowote" kwenye maelezo ya jukwaa ukabaki na tamthilia ileile.

Mkipenda, linganisheni na Mashetani, iliyochapishwa mwaka 1971. Vijana wawili wanacheza mchezo wa shetani na binadamu, na yaliyopita yanaingia ndani ya leo bila kubisha hodi. Castelvetro angetoka ukumbini kwa hasira.

Hapo jamaa wa fizikia atanisaidia hatua moja zaidi. Novemba 1915, mjini Berlin, Einstein aliwasilisha nadharia yake ya mvutano. Kwa Newton ukumbi hauna habari na waigizaji. Kwa Einstein ukumbi unapindwa na uzito wa waliomo, na mpindo huo ndio unaowaelekeza wapite wapi. Jukwaa limekuwa mwigizaji. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipopatwa, Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, kupima kama mwanga wa nyota unapinda ukipita karibu na jua. Pamoja na vipimo vya wenzake waliokuwa Brazil, ikaonekana unapinda.

Na wakati nao unategemea ulipo. Saa ikipandishwa kilomita moja juu inakwenda mbele kuliko ya chini kwa takribani sehemu 9 za bilioni ya sekunde kwa siku. Kwa hiyo ukiacha saa moja Nangwa na nyingine kileleni Hanang, ambako ni zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, zitaachana. Hutaona tofauti maisha yako yote, lakini ipo. Mlima wetu una saa yake!

Naomba hapa tusimame, kwa sababu kuna mtego. Kuna watu wakifika hapa wanaanza kusema babu zetu walikuwa wanamjua Einstein. Hapana jamani. Fizikia haithibitishi mila, na mila haihitaji cheti kutoka kwa fizikia. Inachofanya fizikia ni kutuonyesha kwamba lile wazo la nafasi tupu na wakati mmoja kwa wote lilikuwa wazo la watu fulani, la karne fulani. Lilifanya kazi kubwa, halafu fizikia yenyewe ikalipita. Aliyelileta kwetu kama ukweli usio na mwenyewe alituletea kitu ambacho kwao walikuja kukifanyia marekebisho.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alimjibu Brook waziwazi katika maandishi yake ya miaka ya 1990 kuhusu nafasi ya maonyesho. Kwa kifupi: jukwaa linaweza kuwa wazi, lakini tupu haliwi. Siku zote limejaa mamlaka, kumbukumbu na mahusiano. Alikuwa na sababu ya kujua. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia aliyoandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ilianza Oktoba 1977, Novemba ikapigwa marufuku, mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 serikali ilibomoa ukumbi wenyewe. Kama mahali ni mahali tu, serikali ingehangaika kubomoa mbao na viti kwa sababu gani? Walijua kabisa kwamba pale si sawa na pengine.

Kabla ya kufika kwetu, nipitie mahakamani Nairobi. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe nyumbani Nyalgunga, Siaya. Kesi ikasikilizwa miezi mitano, marehemu akiwa mochwari, hadi alipozikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mwaka 1988 Ebrahim Hussein alitoa Kwenye Ukingo wa Thim, tamthilia ya mjane na ukoo wanaogombea maiti, na wasomaji wengi wanaiona ndani yake kesi ile. Mtu anaweza kuwa upande wowote. Mimi moyo wangu uko kwa mjane. Lakini hakuna upande ulioona kaburi ni shimo tu, popote lichimbwe. Wote waligombana kwa sababu mahali pana uzito.

Sasa Hanang. Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga na majirani zetu sisi Wairaqw, wana mazishi ya heshima yanayoitwa bung'ed. Si kila mtu anayepewa, ni wazee waliostahili. Juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo na miti kinachopandishwa hatua kwa hatua, kazi ambayo pamoja na sherehe zake huchukua miezi kama tisa. Kila kundi la ndugu lina sehemu yake ya kufanya, kuna nyimbo, kuna pombe ya asali, na siku ya kumaliza watu hufika kutoka mbali. Msinielewe vibaya, siyaiti mazishi ya watu maigizo. Ila walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanza kufundisha fani hii miaka ya 1960 walilazimika kulipanua jina liwe sanaa za maonyesho, kwa sababu "drama" ya ukumbini haikutosha kubeba jando, matanga na ngoma. Kwa maana hiyo pana, bung'ed ni onyesho la miezi tisa lenye jukwaa ambalo washiriki wanalijenga wakati linaendelea. Likimalizika, jukwaa linabaki. Watoto na wajukuu wanarudi hapohapo.

Kati ya miaka ya 1970 na 1980, kwenye nyanda za Basotu, Shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada lilifungua mashamba makubwa saba ya ngano, jumla kama ekari 100,000. Zile zilikuwa nyanda zenye rutuba ambazo Wabarbaig huziita muhajega. Walizitumia kwa zamu: msimu huu mifugo ipo hapa, msimu mwingine imehamia kwingine ili majani yapumzike. Mpangaji akifika katika miezi ya mapumziko anaona nini? Nafasi tupu. Kafika kwenye onyesho katikati ya mapumziko, kaona viti havina watu, kaondoka na taarifa kwamba ukumbi umetelekezwa.

Trekta halina ngeli ya mahali. Makaburi ya bung'ed yalilimwa pamoja na majani, na watafiti waliofika Basotu miaka ile wameliandika jambo hilo. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walikwenda Mahakama Kuu Arusha dhidi ya NAFCO. Mwaka 1984 walishinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo: kijiji hakikuonyesha kuwa kiligawiwa ardhi ile kisheria, na wanakijiji wengi hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya wakati ule. Fikirieni hilo. Mtu ana kaburi la babu yake pale, anaambiwa hajathibitisha kuwa ni mwenyeji. Na ushahidi wenyewe, yaani kile kilima cha udongo, umekuwa tuta la ngano.

Nawajua watakaosema: lakini nchi ilihitaji mkate. Kweli, ilihitaji, na waliolima hawakuwa mashetani. Miaka ile taifa lilikuwa linahangaika na chakula na fedha za kigeni. Ninachokataa ni ile hatua ya mwanzo, ya kupaita mahali patupu ili kesi iwe nyepesi. Kama wangesema "hapa pana makaburi, pana malisho ya zamu, na sisi tunataka ngano", mazungumzo yangekuwa magumu lakini yangekuwa ya kweli. Neno "tupu" ndilo lililofuta upande mmoja wa mezani kabla kikao hakijaanza.

Sasa sisi watu wa ualimu linatuhusu nini? Linatuhusu sana, maana miezi michache ijayo tunatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo, na wengi mtapewa klabu ya maigizo shuleni, upende usipende. Kitu cha kwanza utakachofanya ni kuwapeleka wanafunzi uwanjani, uchore mstari wa chokaa, useme jukwaa ni hili. Uzoefu tunao hapa nchini wa kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, Mwanza. Hawakufika na mchezo mfukoni. Walianza kwa kukaa na wanakijiji, kujua wana ngoma gani na wana matatizo gani, halafu maonyesho yakatoka humo. Mlama aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwanza mgeni aulize mwenyeji anaumwa nini.

Kwa hiyo kabla ya chokaa, tembea na wanafunzi kwenye huo uwanja. Waulize hapa palikuwa na nini kabla ya shule. Wapo watakaojua, na wasiojua watauliza nyumbani. Waulize watu wa kijiji hiki hukutana wapi, na kwa nini pale. Uliza ni saa ngapi, kwa jua la hapo, watu husikilizana vizuri. Hili lina fizikia yake nyepesi ya kufundisha: usiku ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, sauti inapindishwa kurudi chini na kufika mbali. Ndiyo maana ngoma ya kijiji cha pili inakufikia usiku na mchana huisikii. Au wasimamishe wakamtazame mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde. Shoka linashuka, mlio unafika baadaye, maana sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Tukio moja, kwa jicho mapema, kwa sikio limechelewa. Mtoto wa kidato cha kwanza ataelewa hapohapo kwamba "sasa" ya kule na "sasa" ya hapa si kitu kimoja.

Kwetu Wairaqw kuna slufay, usemaji wa mzee mbele ya watu ambapo kila kipande kinasubiri waitikie ndipo kiendelee. Wasipoitikia, hakuna kinachosonga. Hadithi zetu za Kiswahili nazo haziondoki kituoni mpaka mtu aseme pakawa. Huo ni wakati unaotengenezwa na waliopo. Ukiwa na saa yako mkononi na dakika 40 za kipindi, mpe nafasi kidogo, utaona wanafunzi waliokuwa wanasinzia wanavyoamka.

Na mkipangiwa shule upande wa Katesh na Basotu, mkaona uwanda mpana usio na kitu, mkatamani kutandika zulia, subirini kwanza. Tafuteni mzee mmoja, mpeni shikamoo, mumuulize tu: hapa ni kwa nani?

Wale wa PCM kama kuna hesabu imenipita nirekebisheni, na wale wanaoona namwonea Brook karibuni tubishane. Mimi naenda kusoma, test ya saikolojia ni Jumatatu.